Kobalti ilifungiwa mupaka, lakini jeni ya mu matope haipite ku duane

Mu juma la mwisho la mwezi wa pili 2025, mambo mawili yalitokea. La kwanza kila mutu wa Kolwezi, Fungurume, Likasi na Lubumbashi analijua, hata mutoto wa masomo: Leta ilisimamisha kobalti isitoke tena inje ya inchi, kuanzia tarehe 22, kwa miezi mine. Bei ku soko la dunia ilikuwa imeanguka, juu kobalti ya kwetu ilijaa kupita mahitaji. Ile miezi mine ikaongezwa mingine tatu, kisha tarehe 16 ya mwezi wa kumi ikakuja namna ya quota: tone 18.125 mpaka mwisho wa 2025, na tone 96.600 kwa mwaka 2026, vilevile kwa 2027. Mabishano juu ya ile quota bado yanaendelea mu nyumba na mu mabare. Lakini wote walisikia neno moja: kumbe inchi ikishika kitu chake, wenye kukihitaji wanageuka kuangalia.

La pili lilitokea tarehe 25, siku tatu nyuma, kule Roma, Italia. Mu mukutano wa Umoja wa Mataifa juu ya viumbe vyenye uhai (ile COP16 yenye ilianzia Cali, Kolombia, mwisho wa 2024) walifungua mufuko wa franga wenye jina Fonds de Cali. Nazania pa kariere hakuna mwenye alizungumuza juu yake, na si kosa lao. Hata mu magazeti ya Kinshasa ilikuwa habari ya pembeni.

Ule mufuko unahusu jeni, ni kusema maandiko yenye iko ndani ya kila kiumbe, tangu mutu mpaka kidudu chenye macho haiwezi kuona. Na kati ya vidudu vyenye watu wa sayansi wanatafuta sana, viko vile vyenye kuishi fasi mbaya: mu mayi ya moto, mu chumvi kali, mu asidi, mu matope yenye kujaa shaba, kobalti na zinki. Fasi kama zetu. Njo maana habari hii inagusa muchimbaji na jamaa yake, hata kama ku kuisikia mara ya kwanza inaonekana ni ya watu wa blouse nyeupe.

Makasi ya mu mate

Tuanze na kitu chenye kila mama anajua. Ukitafuna bukari polepole bila mboga, nyuma ya dakika moja inaanza kuwa na ladha ya sukari. Ni mate yako. Mu mate muko anzimu yenye kukata bunga na kuigeuza sukari. Swahili ya vitabu inaiita kimeng'enya. Si kidudu, haina uhai. Ni chombo, tuseme makasi, chenye kiumbe kinajitengenezea kwa kazi moja. Makasi ya kukata bunga haikate nyama, ya kukata mafuta haikate bunga. Na kazi ikiisha makasi inabaki vilevile, inaenda kukata pengine.

Viwanda vilifahamu jambo hili zamani. Mu 1913 Mujerumani Otto Röhm aliomba brevet ya kutia anzimu za kongosho la wanyama mu sabuni ya kufulia. Leo sabuni mingi ya unga, ile watu wanaita tu Omo hata kama ni ya kampani ingine, iko na anzimu za kuondoa alama za damu, jasho na chakula. Kwa ile sababu inafua hata mu mayi ya baridi. Mama hana lazima ya kumaliza makala kwa kuchemsha mayi ya salopette ya bwana. Anzimu iko tena mu kazi ya bia, ya mukate, ya karatasi, na ya zile jeans zenye kuonekana zimezeeka tangu siku ya kwanza.

Iko hata lopitali. Machine ya GeneXpert yenye kupima kifua kikuu mu makohozi ya muchimbaji, na ile yenye kupima Ebola, zote zinatumika juu ziko na anzimu yenye kuvumilia moto. Anzimu ya namna ile ilitoka kwanza mu kidudu Thermus aquaticus, chenye Mumarekani Thomas Brock alipata mu mayi ya moto ya Yellowstone, kule kwao, mu miaka ya 1960. Mu 1991 kampani Roche ililipa dola milioni 300 kwa kupata haki za ile namna ya kupima, PCR. Park ya Yellowstone yenyewe haikupata kitu. Tushike mufano huu: hata Marekani, mu inchi ya wanasheria, fasi yenye ilizaa kidudu ilibaki mikono mitupu.

Namna ya kufanya kidudu kitumike kwa nguvu

Kidudu cha pori kinatengeneza anzimu kidogo, ya kukitosha chenyewe. Kiwanda kinataka tone na tone. Kati ya ile kidogo na zile tone, kuko kazi yenye tunapashwa kuifahamu, juu mule njo franga inazaliwa.

Jeni ni plani ya kutengeneza makasi. Watu wa laboratware wanatosha plani ile mu kidudu cha pori, chenye mara mingi ni kigumu kufuga, wanaitia mu kidudu kingine chenye wanazoea: Bacillus subtilis ao Bacillus licheniformis, vidudu vya udongo vyenye kuzaa haraka mu tanki na kula vitu vya bei ya chini. Kisha wanabadilisha amri. Mbele ya kila jeni kuko kipande chenye kusema: tumika, ao lala. Wanatosha amri ya uvivu, wanatia yenye nguvu. Ni kama kubadilisha chef d'équipe. Wanatia tena plani ile mara mingi, pa fasi ya kopi moja wanaweka kopi kazaa.

Lakini mwenye alisha kushuka mu shimo anajua: ukiongeza watu chini bila kupanua njia ya kutokea, madini inajaa kule kule, na hewa inakuwa mubaya. Kwa kidudu ni vilevile. Anzimu inatengenezwa ndani, lazima ipite mu ukuta na kutoka mu mayi ya tanki, fasi ni rahisi kuichuja. Kwa hiyo wanafunga mbele ya anzimu kipande kidogo kama jeton ya kutokea. Kidudu kinasoma jeton, kinasukuma anzimu inje, kinakata jeton. Jeton yenye kufaa kwa anzimu hii haifai kwa ile, na hakuna kanuni ya kuijua mbele. Wanajaribu makumi na mamia. Hapa njo kampani kubwa zinatumia miaka na watafiti wao.

Kisha kuko wezi. Bacillus yenyewe inatosha inje anzimu zingine, zenye kukata protini, na zile zinakula mali ya kiwanda mu tanki mbele haijachujwa. Wanafuta jeni za wezi, moja kwa moja, mpaka kidudu kinabaki mupole. Kidudu chenye kutengenezwa vizuri namna hii kinaweza kutosha grame 20 na kupita ya anzimu mu litre moja ya mayi. Kwa mwenye kujua teneur, ile ni asilimia 2. Kuko shaba watu wanachimba kwa teneur ile ile, na lazima wavunje mawe.

Mwisho wanagusa makasi yenyewe. Anzimu ya sabuni yenye jina subtilisin imejengwa na vipande 275, kama pete za munyororo. Pete ya 222 ilikuwa zaifu: dawa ya kufanya nguo nyeupe ilikuwa inaiharibu. Mu 1985 watafiti wa Marekani walibadilisha ile pete moja tu, na anzimu ikavumilia. Nyuma, Frances Arnold alionyesha namna ya kufanya hivyo bila kujua mbele pete gani ya kubadilisha: unabadilisha ovyo, unachagua zenye kufanya vizuri, unaanza tena. Alipata Nobel ya 2018.

Wengine wataniuliza kama vidudu hivi vya kubadilishwa ni hatari. Kwa sabuni na mukate, kidudu kinabaki mu tanki ya kiwanda, kinauawa, anzimu peke inachujwa na kuuzishwa. Hatari yenye naona kwa mufanyakazi ni ingine, na ni ya zamani: vumbi ya anzimu. Mu viwanda vya sabuni vya Ulaya, mu miaka ya 1960, wafanyakazi waliivuta mu mapafu na wakapata asma. Nyuma walianza kuifunika ndani ya punje zenye kufunikwa na nta, ili vumbi isipande. Watu wa mugodi hawahitaji kuelezwa mingi juu ya vumbi.

Ziwa la chumvi la Bogoria

Sasa tuone habari ya jirani, juu inaonyesha franga inapita wapi. Kule Kenya, mu Bonde la Ufa, kuko maziwa yenye mayi kama ya sabuni, mayi yenye kuunguza ngozi: Bogoria, Nakuru, Magadi. Kidudu chenye kuishi mule, anzimu zake lazima zivumilie mayi ya namna ile, na mayi ya kufulia nguo inafanana nayo. Kwa mwenye kiwanda cha sabuni, ziwa kama lile ni kama kilima cha malachite chenye kuonekana toka barabarani.

Mu 1992 watafiti wa Uingereza walichukua sampuli kule. Anzimu kutoka mu vidudu vya maziwa yale zilifika mu mikono ya Genencor, kampani ya Marekani, yenye iliweka jeni zake mu vidudu vya kiwanda na kuuzisha anzimu ya kulainisha nguo na ya kuzeesha jeans, pa fasi ya kuzisugua na mawe. Mu 2004 shirika la Leta ya Kenya lenye kulinda park, Kenya Wildlife Service, lilisema mbele ya watu wote: mali ilitoka kwetu na sisi hatukupata kitu. Upande mwingine ulijibu kwamba vibali vilikuwako. Kesi ile ilikuwa na shida kubwa moja: sampuli zilichukuliwa mbele ya mapatano ya dunia juu ya viumbe (yenye ilitiwa sinyatire Rio mu 1992) kuanza kufanya kazi, tarehe 29 ya mwezi wa kumi na mbili 1993. Mbele ya hapo, sheria ya dunia ilihesabu vidudu kuwa mali ya kila mutu, ni kusema ya mwenye kuwahi.

Genencor ilinunuliwa na Danisco mu 2005, Danisco ikanunuliwa na DuPont mu 2011, na mu 2021 kazi ile ikaingia mu kampani IFF. Wale wenye kufuata habari za concessions za kwetu wanazoea muchezo huu. Kila jina likibadilika, mwenye kudai anaanza tena ku mulango mwingine.

Wakenya walijifunza. Mu 2007 Kenya Wildlife Service ilitia sinyatire ku mapatano na Novozymes ya Denmark, kampani kubwa ya anzimu (tangu 2024, nyuma ya kuungana na Chr. Hansen, inaitwa Novonesis): kampani itafute vidudu mu park, ifundishe watafiti wa Kenya, na ilipe sehemu ya faida kama kitu kitauzishwa. Ni vizuri. Lakini nani ni mwenye ziwa? Kando ya Bogoria kuko watu wenye kuitwa Waendorois, wafugaji, wenye Leta iliwafukuza mu 1973 ili kufanya reserve ya wanyama. Walishitaki mpaka Komisyo ya Afrika ya Haki za Binadamu, na mu 2010 uamuzi ulitangazwa: haki yao ilivunjwa, warudishiwe inchi yao, na walipwe sehemu ya faida yenye kutoka mule. Ni kusema, hata franga ikirudi mu Afrika, inaweza kusimama mu mukubwa wa mbali, na wenye fasi wabaki kuangalia. Muko na fasi gani mwenye hajaona jambo kama hili?

Vidudu vya Zaire

Hapa kwetu pia watu wa sayansi walisha kupita, na maandiko iko wazi. Mu 1976, karibu na Liège, Ubelgiji, mu mayi machafu ya kiwanda cha zinki, walipata kidudu chenye kuvumilia metali kwa namna ya ajabu. Leo jina lake ni Cupriavidus metallidurans. Kiko na jeni zenye kutengeneza pompe ndogo-ndogo mu ukuta wake: kobalti, zinki na kadmiumu zikiingia, pompe inazitupa inje. Iko tena na jeni ya anzimu yenye kugeuza sumu ya zebaki. Mu 1990, Ludo Diels na Max Mergeay wa Ubelgiji walichapisha kazi yao ya kutafuta jeni zile mu vidudu vya fasi zingine zenye kuchafuka. Walitafuta mu viwanda vya kwao, na mu fasi za migodi ya Zaire.

Zaire, ni sisi. Hakuna sheria ilivunjwa, juu sheria ilikuwa haijazaliwa, na sina neno mubaya juu ya watafiti wale. Kazi yao ilifungua akili za watu wengi. Nyuma, kule Mol, walifunga jeni za kidudu cha Liège na jeni zenye kuwaka mwangaza, ili kidudu kiangaze kikigusa metali mu udongo. Mwangaza ule ni kazi ya anzimu. Chombo cha namna ile kingetumika vizuri mu mashamba ya kando ya viwanda vya kwetu, fasi mama analima mboga bila kujua udongo uko na kobalti ngapi. Na mu 2000 watafiti wa Marekani walitia jeni ya zebaki mu kidudu kingine, Deinococcus radiodurans, chenye kuvumilia hata mionzi ya uraniumu. Kwa ndugu zetu wenye kuchimba zahabu Ituri na Kivu habari ya zebaki si ndogo. Lakini anzimu ile haiue zebaki: inaigeuza tu kuwa namna ingine yenye kupanda mu hewa. Mwenye kuja kuwauzishia kidudu cha kumaliza zebaki, mumuulize hewa itaenda mu mapua ya nani.

Lazima nitenganishe tena jambo moja, juu watu wanachanganya. Vidudu vyenye kutumika mu kutosha metali ku mawe, vingi ni vya pori, havijabadilishwa jeni. Kule Kasese, Uganda, kuanzia 1999, kampani ilitumikisha vidudu kula rejets zenye mugodi wa Kilembe uliacha, na kobalti ikafunguka. Walivichagua na kuvizoeza, basi. Kutengeneza jeni ni kazi ya tanki iliyofungwa. Mu lundo la mawe lenye mvua inanyeshea, kidudu cha kubadilishwa mara mingi kinashindwa na vya pori, na sheria za inchi mingi hazikubali kukimwaga inje.

Nani iko na Métorex ya jeni?

Mu Kolwezi kila mutu anajua ugomvi wa dépôt. Unaleta gunia, munegosya anatia Métorex, machine inasema teneur, na wewe ukisema hapana, utaonyesha nini? Machine ni yake, kilo ni yake. Mwenye hana chombo cha kupima, bei anasomewa.

Kwa jeni ni hivyo hivyo, na zaidi. Kobalti ni nzito: iko na kamyo, iko na barabara ya Kasumbalesa, iko na karatasi ya duane. Njo maana Leta iliweza kuifunga. Jeni haina kilo. Kijiko kimoja cha matope kinatosha, na nyuma ya kijiko hakuna mwenye atarudi kutafuta kingine, juu kidudu kinazaa. Tena siku hizi hata kijiko hakihitajiki kusafiri: wanasoma maandiko ya jeni papo hapo, wanaituma kama herufi mu ordinatere, na inaingia mu maktaba tatu kubwa za dunia (moja ya Marekani, moja ya Ulaya, moja ya Japani) zenye kubadilishana kila siku na kufunguliwa kwa kila mutu bure. Kampani inasoma pale, inaandikisha jeni ile upya mu laboratware yake, inaitia mu Bacillus. Haikukanyaga Katanga hata siku moja.

Njo pale Protokole ya Nagoya ilishindwa. Iliandikwa mu 2010, ikaanza kazi mu 2014, na Kongo iko mumo. Inasema: mwenye kuchukua kiumbe mu inchi aombe ruhusa na agawe faida. Sheria yetu namba 14/003 ya tarehe 11 ya mwezi wa pili 2014, juu ya kulinda viumbe, inagusa jambo lile pia. Lakini zote mbili ziliwaza kitu chenye kubebwa na mukono. Herufi hazibebwe na mukono.

Fonds de Cali inajaribu kuziba tundu ile. Pa fasi ya kuuliza jeni hii ilitoka fasi gani, inasema: kampani kubwa za dawa, za marashi, za mbegu, za anzimu na kazi zingine zenye kuishi kwa maandiko ya jeni, zitoe asilimia 1 ya faida ao asilimia 0,1 ya mauzo. Angalau nusu ya franga iende kwa wenyeji na jamii za fasi. Tufanye hesabu: kampani yenye kuuzisha dola miliari moja kwa mwaka ingetoa dola milioni moja. Mukiilinganisha na code minier ya 2018, fasi kobalti inalipa redevance ya 10% na shaba 3,5%, mutaona ni makombo. Na makombo yenyewe ni ya mapenzi: maandiko yanasema kampani "zingepashwa" kutoa, hayasemi zitoe kwa lazima, labda inchi yao iweke sheria. Marekani, fasi kampani mingi ziko, haiko hata memba ya mapatano yale.

Mimi nasema mufuko ni muzuri kupita kutokuwa na kitu, lakini uko na kasoro moja yenye inatuhusu kabisa. Juu hauulize jeni ilitoka wapi, haulipe fasi yenye ilitoa. Unagawa kwa inchi kwa kanuni zake, na kanuni zile zinawaza kwanza pori, wanyama, watu wenye kulinda miti. Ni haki yao. Lakini matope ya rejets, mto wenye kuwa kijani kwa shaba, lundo la kando ya kiwanda, nani anayahesabu kuwa utajiri wa viumbe? Kwa macho ya wengi ni uchafu tu. Na jamii yenye kukaa pembeni ya uchafu ule haina jina mu lile fungu la wenyeji na jamii za fasi. Wazee wetu walijua ua la shaba, lile dogo la bluu lenye kumea fasi madini iko chini, na wageni wa kwanza walilifuata. Vidudu ni ua lenye macho haioni.

Mutu asitoke hapa akaenda kuuzisha matope ku soko. Kijiko cha matope hakina bei. Kati ya maelfu ya jeni, yenye kufika mu sabuni ni moja moja, nyuma ya miaka ya kazi yenye nilieleza: amri, jeton, wezi, pete. Thamani mingi iko mu ile kazi, na ile kazi inafanyika Copenhagen, California na Shanghai. Ukitaka sehemu ya maana, franga ya makombo haitoshe. Lazima sehemu ya kazi ifanyike hapa. Université ya Lubumbashi iko na wanafunzi wa biolojia na wa kemia. Machine za kusoma jeni siku hizi ziko hata ndogo kama telefone. INRB ya Kinshasa ilisha kusoma jeni za Ebola hapa hapa, mu inchi, wakati wa ugonjwa wa Kivu kuanzia 2018. Si ndoto.

Kwa upande wa mugodi, kuko mulango mumoja wenye tayari uko wazi: cahier des charges, yale mapatano yenye kampani inaandika na jamii za fasi, pamoja na ile dotation ya 0,3% ya mauzo. Ukisoma yale yenye yalisha kutangazwa, yanasema masomo, maji, dispensaire, barabara. Ni lazima. Lakini kibali cha kuchimba kinahusu madini. Hakimupatie mwenye kampani haki juu ya vidudu vya mu mayi na matope ya concession. Kwa hiyo muliangu wa jamii mu mazungumuzo anaweza kuomba vitu vitatu bila kuvunja sheria ya mutu: kila mutafiti mwenye kuchukua sampuli ya viumbe mu concession aandikishwe, na jina la fasi libaki mu karatasi na mu maandiko ya jeni; sampuli ya pili ibaki Lubumbashi; na majibu juu ya sumu ya udongo na mayi yarudi kwa wenye kukaa pale, mu lugha yenye wanasoma. Ile ya tatu njo naona ya haraka kupita zote, juu hata kama hakuna jeni itauzishwa, mama mwenye kulima kando ya rejets atajua anakula nini.

Redevance ya madini inagawanywa na sheria: 50% Leta ya juu, 25% jimbo, 15% fasi yenye mugodi uko, 10% mufuko wa vizazi vya kesho. Tuligombana miaka mingi juu ya ile 15%, ifike kweli ku chefferie na commune, na ugomvi haujaisha. Franga ya jeni haina hata mugawanyo ulioandikwa. Mukutano wenye kufuata, COP17, umepangwa Yerevan, Armenia, mwezi wa kumi 2026, na mambo ya Fonds de Cali yatarudi pale. Kinshasa itatuma wajumbe wake, na mara mingi ni watu wa pori na wa park. Mu orodha ile, mwenye kutoka Haut-Katanga ao Lualaba kwa kusema juu ya matope atakuwa nani, sijaona mwenye analiuliza swali hilo ku assemblée provinciale.